Jiwe, Upinde na Mpini wa Ufagio

Kuihamisha taa ya Arco kutoka pembe moja ya sebule hadi nyingine ni kazi ya watu wawili na ufagio mmoja. Ufagio wenyewe si wa kufagia. Mpini wake unachomolewa, unapenyezwa kwenye tundu la jiwe la marumaru lililo chini ya taa, mmoja anashika huku na mwenzake kule, wanahesabu moja, mbili, tatu, wananyanyua kama wachukuzi wa machela. Jiwe hilo lina uzito wa kilo 65 hivi, yaani mfuko mzima wa saruji na kilo kumi na tano za nyongeza. Na sehemu inayowaka? Ni kofia ya alumini yenye balbu moja.

Anayeiona taa hii mara ya kwanza hudhani lile tundu ni pambo. Jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, limetobolewa duara safi ubavuni: nani asingesema ni urembo? Waliolitoboa, ndugu wawili wa Milan walioitwa Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walisema ni la kupitishia mpini, basi. Hata kona za jiwe zilizokatwa mshazari zina kazi yake, nayo ni kumkinga mpita njia asijikwangue ugoko. Achille aliendelea kuyaeleza hayo kwa miaka mingi, kama mzazi anayemtetea mwanawe asidhaniwe kuwa ni mtu wa kujipamba tu.

Arco kwa Kiitaliano ni upinde, au tao. Taa ilitoka mwaka 1962 na mpaka leo inatengenezwa. Katika miaka hiyo zaidi ya sitini imekaa majumbani na makumbushoni, imeonekana katika filamu, imeigwa na viwanda visivyohesabika, na imewahi kuwapandisha majaji wa Ulaya kitini wajadili kama kifaa cha nyumbani kinaweza kulindwa kama kazi ya sanaa. Ila chanzo chake ni usumbufu mdogo wa chumba cha kulia.

Ili kuuelewa usumbufu huo, inafaa kurudi nyuma hadi enzi ya mafuta. Taa ya mafuta ina sharti moja lisilovunjwa: husimama wima. Kibatari, chemli, kandili, vyote huangaza vikitazama juu, na anayeipindua chemli anataka kuchoma nyumba. Kwa karne nyingi watengeneza taa walilitii sharti hilo bila kulifikiria. Balbu ya umeme ilipokuja, sharti likafutika kwa siku moja. Balbu haina mafuta ya kumwagika wala moto wa kufuata hewa. Unaweza kuiinamisha, kuilaza, kuining'iniza kichwa chini. Milan ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Ulaya kuipata nafasi hiyo. Kituo cha kuzalisha umeme cha Santa Radegonda, hatua chache kutoka kanisa kuu la mji, kilianza kazi mwaka 1883, na usiku wa tarehe 26 Desemba mwaka huohuo jumba la opera la La Scala likawaka umeme.

Hata hivyo mazoea yana nguvu. Kwa muda mrefu taa za kusimama sakafuni ziliendelea kujifanya mishumaa: nguzo iliyonyooka, kivuli cha kitambaa juu, na mwanga unaoishia palepale nguzo iliposimama. Wachache waliitambua mapema nafasi waliyopewa na balbu. Mariano Fortuny, Mhispania aliyefanya kazi zake Venezia, alibuni mwaka 1907 taa kubwa inayofanana na mwavuli uliogeuzwa, ikiwa juu ya miguu mitatu kama ya kamera, kwa ujuzi alioupata katika kuangaza majukwaa ya tamthilia. Mwaka 1932 George Carwardine, mhandisi wa magari katika mji wa Bath, Uingereza, alisajili mkono wa springi unaokaa popote unapoelekezwa, na kutoka hapo ikazaliwa taa ya mezani ya Anglepoise. Ule mkono ulikuwa wa meza ya kazi. Meza ya chakula, inayozungukwa na watu sita na masufuria ya moto, ilibaki na taa yake ya dari.

Na taa ya dari haihami. Fundi aliyejenga nyumba aliweka waya katikati ya dari akaondoka zake. Mwenye nyumba akiisogeza meza dirishani wakati wa kiangazi, mwanga unabaki ukimulika sakafu tupu. Akitaka mwanga umfuate, lazima amwite fundi wa umeme, apande ngazi, atoboe dari, apitishe waya, azibe tundu la zamani, apake rangi. Mpangaji hana hata ruhusa ya kutoboa. Taa za kusimama zenye mkono zilikuwapo, lakini nguzo ilisimama karibu na meza, kwa hiyo kila anayeleta chakula aliizunguka kama mtu anayezunguka shimo.

Ndugu hao wawili walikuwa watu wa kukereka na mambo kama hayo.

Baba yao, Giannino Castiglioni, alikuwa mchongaji sanamu Milan. Alikuwa na wana watatu: Livio aliyezaliwa mwaka 1911, Pier Giacomo wa mwaka 1913 na Achille, kitinda mimba katika hao watatu, wa mwaka 1918. Wote walisomea usanifu majengo katika chuo cha Politecnico cha mji huohuo. Livio na Pier Giacomo walianza mapema. Wakishirikiana na Luigi Caccia Dominioni walibuni redio ya Phonola iliyoonyeshwa katika maonyesho ya Triennale mwaka 1940. Redio za wakati ule zilifichwa ndani ya makabati ya mbao kana kwamba ni aibu kuonekana. Yao ilikuwa ya bakelaiti, ndogo, inayofanana na simu, na haikujisingizia kuwa fanicha.

Vita vikapita juu ya kila kitu. Agosti 1943 ndege za Uingereza ziliipiga Milan usiku baada ya usiku, na Achille alihitimu chuo mwaka 1944 katika mji wa vifusi. Msanifu kijana wakati ule alikuwa na shahada mkononi na kazi chache za ujenzi, kwa hiyo ndugu wakashika kilichopatikana: kupanga maonyesho ya biashara, mabanda ya shirika la utangazaji la RAI, vitu vya nyumbani. Livio alijitoa katika ofisi ya familia mwaka 1952 akafuata njia yake ya mwanga na sauti. Miaka kumi na minane baadaye alibuni pamoja na Gianfranco Frattini taa ya Boalum, neli ndefu inayolala sakafuni kama chatu aliyeshiba. Pier Giacomo na Achille walibaki wawili, na kwa miaka yote iliyofuata ni vigumu kusema wazo gani lilikuwa la nani.

Mtindo wao ulionekana wazi mwaka 1957 katika maonyesho ya Villa Olmo, Como. Walileta kiti ambacho sehemu ya kukalia ni ile ya chuma ya trekta, yenye matundu, iliyofungwa juu ya utepe wa chuma uliopindwa. Wakaleta na kingine chenye tandiko la baiskeli juu ya nguzo moja. Watazamaji wengi waliona mzaha, na viwanda vilichukua muda kuvipokea: kile cha trekta, Mezzadro, kilianza kuuzwa mwaka 1971 na kile cha baiskeli, Sella, kikangoja hadi 1983. Mzaha ulikuwamo, ndiyo, lakini chini yake kulikuwa na hoja ya kifundi. Mtu fulani asiyejulikana kiwandani alishatumia miaka kuuchora mkao wa makalio ya mkulima juu ya chuma. Kwa nini kuuchora upya?

Kwenye taa walishafanya jambo la namna hiyo. Luminator ya mwaka 1954 ni neli nyembamba ya chuma juu ya vijiti vitatu, na unene wa neli umepimwa kwa soketi ya balbu, si zaidi. Mwanga wake unaruka juu, unagonga dari na kurudi chumbani ukiwa laini. Jina walilikopa kwa heshima kutoka kwa msanifu Luciano Baldessari, aliyekuwa na Luminator yake mwaka 1929.

Kiwanda cha kuwafaa kilizaliwa mahali pasipotarajiwa. Merano ni mji mdogo wa milimani kaskazini ya Italia, karibu na Austria, ambako Kijerumani kinazungumzwa sambamba na Kiitaliano. Mfanyabiashara wa huko, Artur Eisenkeil, alikuwa akiagiza kutoka Marekani plastiki ya ajabu iitwayo kukuni. Hupulizwa kama dawa ya mbu, ikitua juu ya fremu ya waya hujisuka yenyewe kuwa ngozi nyembamba isiyopenya maji, na jeshi la Marekani lilikuwa limeitumia kufunika vifaa vya kusafirishwa. Mmarekani George Nelson alishaigeuza kuwa taa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Eisenkeil alitafuta watu wa kumfanyia vivyo hivyo Italia. Aliwapata Dino Gavina wa Bologna, mtengeneza samani mwenye maneno mengi na macho makali, na Cesare Cassina wa Meda. Akina Castiglioni wakachora taa za kukuni, miongoni mwao Taraxacum, na mwaka 1962 kampuni ikapewa jina rasmi: Flos, neno la Kilatini la ua.

Ni mwaka huohuo ndipo ndugu wale walipoleta michoro isiyohusiana na kukuni hata kidogo.

Hesabu yao ilianza na mtu anayepita. Mwanga uangukie katikati ya meza. Nyuma ya viti abaki na njia mtu aliyebeba sinia. Kwa hiyo kitako cha taa kiwe mbali na balbu kiasi cha mita mbili. Umbali huo ndio uliozaa tao. Mkono ulionyooka wa mita mbili ungemgonga mtu kichwani au ungehitaji nguzo ya pili. Tao linapanda kwanza, linapita juu ya vichwa, kisha linashuka, kama nguzo za taa barabarani zinavyoinama juu ya lami huku miguu yake ikiwa pembeni. Barabara ilishalipatia tatizo hili jawabu. Walichofanya ndugu wale ni kuiingiza nguzo ya barabarani sebuleni na kuiondolea shimo la zege.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana nguzo ya barabarani imezikwa ardhini na taa ya sebuleni imesimama juu ya zulia. Aliyewahi kushika fimbo ya kuvulia samaki kwa ncha moja anaijua adha hii: samaki wa nusu kilo aliye mita mbili mbele anauvuta mkono kama mzigo wa kilo nyingi. Kofia ya alumini ni nyepesi, lakini umbali unaizidishia uzito, na tao lenyewe nalo linavuta upande uleule. Kitu cha kulizuia lisianguke lazima kiwe kizito na kiwe kidogo, kisije kikala nafasi ileile iliyokusudiwa kuokolewa. Zege ingehitaji umbo kubwa zaidi kwa uzito uleule. Achille alieleza kwamba marumaru iliwapa uzito mwingi katika nafasi ndogo, na kwa gharama nafuu kuliko kulipamba zege mpaka likapendeza.

Maelezo hayo yanakubalika, ila kwa nusu tu. Watoto wa mchongaji sanamu hawachagui marumaru ya Carrara kwa sababu ya uzito peke yake, hata wakiapa. Jiwe lile lina historia ndefu kuliko umeme. Warumi walilichimba katika milima ya Apuane, Michelangelo alikwenda machimboni mwenyewe kujichagulia mapande yake, na mpaka karne ya 20 wachimbaji waliyateremsha mapande makubwa mlimani kwa kamba, yakiteleza juu ya magogo yaliyopakwa sabuni, huku watu wakikimbia mbele ya jiwe kulitandikia gogo linalofuata. Kamba ikikatika, hakuna wa kulizuia. Kipande cha jiwe hilo kukaa chini ya balbu ya sebuleni, kikiwa na tundu la mpini wa ufagio, ni utani wa watu wanaojua wanachokitania.

Tao lenyewe lilitaka mikono ya fundi. Ndugu walitaka litokane na chuma kinachopatikana madukani, na walipojaribu vyuma vya aina mbalimbali waliona kwamba chuma chenye umbo la mfereji, kile ambacho ukikikata kinaonyesha herufi U, kinapindika vizuri bila kujikunja. Wakalifanya la vipande vitatu vya chuma cha pua vinavyochomekana, kimoja kinateleza ndani ya kingine kama miguu ya kamera, hivyo tao hurefushwa na kufupishwa. Waya wa umeme unapita ndani ya mfereji huohuo. Mtu akisimama mbali haoni waya. Akisogea na kuinama chini ya tao, anauona umelala mferejini kama mdudu aliyejificha chini ya jani. Hakuna aliyejaribu kuufunika, na hakukuwa na haja.

Kofia ni ya sehemu mbili. Ya juu ni kichwa chenye matundu madogomadogo, na kazi ya matundu hayo ni kutoa joto, kwani balbu za siku zile zilikuwa tanuri dogo. Ya chini ni pete pana inayoegemea kichwa hicho na kugeuzwa upande wowote mtu anaotaka mwanga uelekee. Taa nzima ina urefu wa mita mbili na nusu hivi kutoka sakafuni. Katika nyumba yenye dari fupi inaonekana kama twiga aliyeingia ndani kwa makosa.

Mwaka ule ulikuwa wa neema. Pamoja na Arco, ndugu walitoa Taccia, inayofanana na kipande cha nguzo ya hekalu kilichobebeshwa bakuli la kioo, na Toio, ambayo huenda ndiyo inayowaeleza vizuri zaidi kuliko zote. Toio ni taa kubwa ya mbele ya gari iliyowekwa juu ya mlingoti mwembamba. Kwa kuwa taa ya gari haitumii umeme wa ukutani moja kwa moja, inahitaji transfoma. Transfoma ni nzito. Basi ikawekwa chini, wazi, ikawa ndiyo kitako. Na waya unaopanda mlingoti umeshikwa na vipete vya fimbo ya kuvulia samaki. Kila kitu kimeokotwa mahali na kila kilichookotwa kina zamu yake.

Italia ya wakati ule ilikuwa na fedha mpya mfukoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 uchumi ulipaa kwa kasi ambayo Waitaliano wenyewe waliiita muujiza. Watu wa kusini walimiminika Milan na Torino kutafuta kazi viwandani, maghorofa yakaota pembezoni mwa miji, na maonyesho ya samani ya Salone del Mobile yakafunguliwa Milan kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Familia zilizokuwa zikinunua kabati kwa mawazo ya kumrithisha mjukuu zilianza kununua vitu vya kupendeza leo. Flos nayo haikukaa sana Merano. Mnamo 1964 Sergio Gandini alishika uendeshaji na kiwanda kikahamia mkoa wa Brescia, nchi ya wahunzi wa tangu zamani, ambako familia ya Beretta imekuwa ikitengeneza bunduki tangu karne ya 16. Kupinda chuma huko si habari.

Kisha Arco ikatoka mikononi mwa walioitengeneza, kama watoto wanavyotoka. Iliwekwa katika mkusanyiko wa kudumu wa makumbusho ya MoMA ya New York. Waandaaji wa filamu waliipenda kwa sababu tao lake linajaza fremu bila kumziba mwigizaji, na mwaka 1971 ilionekana katika Diamonds Are Forever, filamu ya James Bond. Ikawa taa ya ofisi ya wakili, ya chumba cha kungojea cha daktari, ya tajiri wa juzi. Taa iliyobuniwa imwokoe mpangaji asitoboe dari ikapanda bei mpaka maelfu ya euro, na mpangaji akabaki na tundu lake la dari. Cha ajabu ni kwamba wengi walioinunua hawakuiweka juu ya meza ya chakula kabisa. Waliiinamisha juu ya sofa, mahali ambapo hakuna mtu anayepita na sinia, na mita mbili za hesabu zikawa mandhari.

Kinachopendwa huigwa. Tao juu ya jiwe ni wazo linaloeleweka kwa kutazama mara moja, na kiwanda chochote chenye mashine ya kupinda neli kinaweza kujaribu. Nakala zilisambaa kwa miongo kadhaa: nyingine zenye neli ya duara badala ya mfereji, nyingine zenye kitako cha zege lililopakwa rangi ya marumaru, nyingine zenye tundu lisilopitisha hata fimbo ya mwavuli. Hilo la mwisho linachekesha kuliko yote, maana aliyeiga aliliona tundu na hakuuona mpini.

Mwaka 2006 Flos ilikwenda mahakamani Milan dhidi ya Semeraro Casa e Famiglia, kampuni ya Kiitaliano ya samani iliyokuwa ikiingiza kutoka China taa iliyoitwa Fluida. Flos ilisema Fluida imechukua kila kitu cha Arco. Ubishi, hata hivyo, haukuwa juu ya kufanana. Swali lilikuwa kama mwaka 1962 kulikuwa na kitu cha kuibwa. Kwa muda mrefu sheria ya Italia ilikataa kuvipa vitu vya viwandani hakimiliki kama ya kitabu au sanamu, kwa hiyo umbo la Arco lilihesabiwa kuwa mali ya umma, kama kijiko. Mwaka 2001 Italia iliibadilisha sheria kufuata agizo la Ulaya la mwaka 1998, lakini ikaacha mlango wa nyuma: waliokuwa wakitengeneza nakala tangu zamani walipewa muda wa miaka kumi ya kuendelea.

Majaji wa Milan walipeleka swali Luxembourg, kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na jibu lilitoka tarehe 27 Januari 2011. Nchi mwanachama, ilisema mahakama, haiwezi kuinyima hakimiliki kazi ya ubunifu inayotimiza masharti kwa kisingizio tu kwamba ilishaingia mikononi mwa umma kabla ya sheria mpya, na ule muda wa miaka kumi nao haukubaliki. Kesi ikarudi nyumbani, na mwaka 2012, miaka hamsini kamili tangu taa itoke, mahakama ya Milan ikaitambua Arco kuwa kazi yenye thamani ya kisanaa inayostahili ulinzi huo.

Achille hakuishi kuiona hukumu. Alifariki Desemba 2002. Pier Giacomo alikuwa ametangulia zamani, mwaka 1968, akiwa na miaka 55. Kwa kuwa ulinzi wa kazi ya wawili hudumu miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho, tao, jiwe na tundu la ufagio vina mwenyewe kisheria mpaka mwisho wa mwaka 2072. Kuna kejeli ndani yake. Watu waliochukua kiti cha trekta, tandiko la baiskeli, taa ya gari na vipete vya mvuvi bila kumwomba yeyote ruhusa, kazi yao ndiyo iliyowafungulia wabunifu wengine wa Italia mlango wa kutoigwa. Wanasheria watajibu kwamba kukiazima kitu ili ukipe kazi mpya si sawa na kukinakili kizima, nao wana haki. Achille mwenyewe huenda angecheka kwanza.

Taa yenyewe imebadilika kidogo. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuziondoa sokoni balbu za zamani kuanzia mwaka 2009, Flos ilitoa Arco ya LED, umbo likabaki lilelile. Mwaka 2022, kwa kuadhimisha miaka 60, ilitoka Arco K, ambayo kitako chake ni cha kristali badala ya marumaru, vipande 2,022 vyenye namba. Mtu anaweza kuona ndani ya kitako jinsi chuma kilivyoshikwa. Ni kazi nzuri ya mikono, ila inamfanya mtu aogope kupitisha mpini wa ufagio.

Ofisi ya ndugu hao, Piazza Castello namba 27, mbele ya ngome ya Milan, ilikuja kugeuzwa makumbusho madogo. Makabati yake yalijaa vitu ambavyo Achille alivikusanya maisha yake yote: miwani, vikombe, nyundo, vinyago vya kuchezea, mikasi, vyote vya wabunifu wasiojulikana. Alipokuwa mwalimu wa chuo, kwanza Torino na baadaye Milan, alivibeba darasani mfukoni, akavimwaga mezani kimoja kimoja na kuwauliza wanafunzi kinafanya nini na kwa nini kiko hivyo. Aliwaambia kwamba asiye na udadisi atafute kazi nyingine.

Na alipoulizwa ni kazi yake gani anayoionea fahari zaidi, hakuitaja Arco. Alitaja swichi. Ni ile swichi ndogo ya plastiki inayokaa katikati ya waya wa taa, aliyoibuni pamoja na Pier Giacomo kwa kampuni ya VLM mwaka 1968, mwaka ambao kaka yake alikufa. Imetengenezwa kwa mamilioni na kutiwa kwenye taa za kila bei, hata zile nakala. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, ikiwa kwenye boksi pamoja na plagi na soketi, bila jina la mtu yeyote juu yake. Upande mmoja ni bapa, ukae sakafuni. Mwingine umeviringwa kidogo, ukae kiganjani. Kidole gumba kikiisukuma swichi, mlio wake ni mfupi, tak, na Achille alisema anaupenda mlio huo.